Namba 384 haitakuokoa: jibu kwa mwanafunzi wa uzamili ambaye pendekezo lake limerudishwa

*"Hujambo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya sosholojia hapa Nairobi, masomo ya jioni na Jumamosi, na mchana niko kazini Westlands. Pendekezo langu linahusu athari za vyama vya akiba kwa ustawi wa akina mama wauza mboga Kawangware. Limerudishwa mara mbili. Mara ya pili msimamizi aliandika pembeni maneno manne tu: 'Mbinu haioani na swali.' Sura ya tatu, ile ya mbinu, niliiandika kwa kufuata tasnifu ya mwenzangu aliyehitimu mwaka juzi: hojaji, watu 384, mizani ya Likert (ile ya nakubali na sikubali), programu ya takwimu ya SPSS. Somo la mbinu za utafiti nilipita vizuri, lakini ukweli ni kwamba nilikariri. Hesabu niliiacha kidato cha nne na sitaki kuiona tena, kwa hiyo rafiki amenishauri nihamie utafiti wa mahojiano ambao hauna hesabu. Mwingine amenipa namba ya jamaa mwenye ofisi mjini anayechanganua data na kukuandikia sura ya nne, ile ya matokeo. Nifanye lipi? Na mtu hujifunzaje mbinu hizi akiwa amechelewa hivi?"*

Dada, hujachelewa, na msimamizi wako hajakutupa. Maneno manne ni machache mno kwa mtu aliyekaa akisubiri majibu, lakini yana habari njema ndani yake: hakusema mada ni mbovu, wala hakusema huiwezi. Amesema vipande viwili vya pendekezo lako haviongei. Wewe umelichukua kama tatizo la kuchagua kati ya hojaji na mahojiano, na nyuma yake pana woga wa hesabu. Mimi naona tatizo lilianza mapema zaidi, pale ulipofungua tasnifu ya mwenzako ukachukua sura ya tatu nzima nzima. Sura ile ilikuwa inajibu swali lake. (Au pengine nayo haikulijibu. Zipo sura za tatu hapa mjini ambazo wanafunzi wamerithishana hadi makosa ya tahajia ni yale yale.)

Tuanze na hiyo 384, maana ndiyo inayowapa watu usingizi wa bure.

Chukua kalamu, hesabu yenyewe haizidi ya darasa la nane. 1.96 mara 1.96 ni 3.8416. Zidisha kwa 0.5, kisha kwa 0.5 tena, unapata 0.9604. Sasa gawa kwa 0.0025, ambayo ni 0.05 mara 0.05. Jibu ni 384.16. Hiyo ndiyo namba iliyo mwishoni mwa jedwali la ukubwa wa sampuli (idadi ya watu wa kuhojiwa) ambalo Krejcie na Morgan walilichapisha mwaka 1970, kwenye mstari wa watu milioni moja. Fomula ya Yamane, nayo ya kukadiria sampuli, ni ndugu yake wa karibu: kwa kosa lile lile la asilimia 5, idadi ya watu ikiwa kubwa sana inakupa 400.

Kila namba humo ndani ni uamuzi ambao mtu aliufanya kwa niaba yako. Ile 1.96 inamaanisha unataka uhakika wa asilimia 95. Ile 0.5 inamaanisha hujui chochote kuhusu jibu, kwa hiyo umekadiria hali ngumu kuliko zote, yaani nusu kwa nusu. Na 0.05 inamaanisha uko tayari kukosea kwa pointi 5 juu au chini: ukipata asilimia 60, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 55 na 65. Ukiziweka pamoja, 384 ni jibu la swali moja tu: ni asilimia ngapi ya watu hawa wana sifa fulani? Wewe hukuuliza asilimia ngapi. Uliuliza kuhusu athari. Hapo ndipo mbinu na swali vilipoachana.

Kuna sharti lingine ambalo fomula hailisemi kwa sauti. Watu hao 384 lazima wachaguliwe kwa bahati nasibu, kila mmoja akiwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na kwa hilo unahitaji orodha. Nani ana orodha ya wauza mboga wa Kawangware? Kuna walio sokoni, kuna wenye vibanda kando ya barabara, kuna wanaotandaza gunia jioni watu wakishuka matatu, kuna wanaotembeza sukuma wiki mlango kwa mlango. Hata kuhesabu wakazi tu ni kazi pevu mjini hapa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu hadi milioni moja. Sensa ya 2009 ikatoa 170,070, na ubishi haukuisha. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa mtaa unaojulikana dunia nzima, basi orodha ya akina mama wako haipo, na tusidanganyane.

Kinachotokea nyanjani mnakijua nyote. Wasaidizi wawili wa utafiti wanashuka stejini Jumanne saa nne asubuhi na bahasha ya hojaji, wanawaendea akina mama ambao hawana wateja wakati huo, na siku ya tatu karatasi zimejaa. Hao ni akina mama waliokuwa karibu na steji, wasio na wateja, na wenye moyo wa kukaa na mgeni. Aliyeko Marikiti akitafuta nyanya za bei nafuu hayumo. Aliyefunga kibanda mwezi jana kwa kukosa mtaji hayumo kabisa. Ukiwahoji 3,840 kwa njia hiyo badala ya 384, utakuwa umekosea vile vile, ila kwa gharama mara kumi.

Orodha unayoweza kuipata ni ya vyama. Vikundi vinavyosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 vina rekodi, na kila chama kina daftari la wanachama kwa mweka hazina. Lakini ukichagua vyama kwanza, kisha wanachama ndani yake, 384 haifai tena, kwa sababu akina mama wa chama kimoja hufanana: wanatoka mtaa mmoja, kanisa moja, pengine kijiji kimoja huko nyumbani. Mtu wa kumi katika kikundi hakuongezei habari mpya kama angekuongezea mtu wa kikundi kingine. Na vyama visivyosajiliwa, ambavyo huenda ndivyo vyenye mambo, vitabaki nje.

Sasa neno "athari". Hili ndilo zito zaidi, nami ningekuomba ukae nalo kwa muda.

Tuseme umefanikiwa. Umewahoji akina mama walio chamani na wasio chamani, ukakuta walio chamani wana kipato kizuri zaidi. Kompyuta inakuandikia kwamba tofauti ina maana kitakwimu. Unaandika: vyama vimeboresha ustawi. Lakini fikiria chama kinavyopokea mwanachama. Chama cha mzunguko ni imani. Nikipokea leo, lazima niendelee kuchanga hadi wa mwisho apokee. Kwa hiyo wanachama huchunguzana: ana kibanda cha kudumu? Amekaa mtaani muda gani? Nani anamdhamini? Mama ambaye biashara yake inayumba hakubaliwi, au hajitokezi kwa kuogopa aibu ya kushindwa. Yaani walio chamani walikuwa na unafuu kabla ya kuingia. Tofauti uliyoipima inaweza kuwa ndiyo iliyowapeleka chamani, wala si chama kilichoileta.

Tena kuna waliotoka. Ukienda kwenye mkutano wa chama Jumapili alasiri utawakuta waliobaki. Aliyeshindwa kuchanga, akatozwa faini, akakasirika na kuhama mtaa, hatakuwepo kukuambia kwamba chama kilimnyang'anya friji. Ukiwauliza waliobaki kama chama kinasaidia, watasema ndiyo, na watakuwa wanasema kweli. Hapo ndipo hatari ilipo: unaweza kukusanya majibu ya kweli tupu na bado hitimisho likawa la uongo.

Hili halitibiwi na SPSS wala programu yoyote ile. Linatibiwa kwa mpango, kabla ya kukusanya chochote. Ili kusema "athari" kwa ujasiri ungehitaji kuwafuata akina mama wale wale tangu kabla hawajajiunga hadi miaka kadhaa baadaye, pamoja na wengine wanaofanana nao ambao hawakujiunga. Hiyo si kazi ya mtu mmoja anayetoka ofisini Westlands saa kumi na moja jioni. Mwombe msimamizi akuruhusu uache kuidai.

Halafu hojaji yenyewe. Najua imo sentensi kama hii: "Chama kimeboresha hali yangu ya kiuchumi: sikubali kabisa, sikubali, sina hakika, nakubali, nakubali kabisa." Jiweke mahali pa mama huyo. Umeletwa na mwenyekiti wa chama chake. Umevaa vizuri, una beji ya chuo, unazungumza Kiswahili cha vitabuni. Mwenyekiti amekaa hatua tano nyuma yako akimenya njegere. Atakujibu nini? Nakubali kabisa. Atakubali hata ukimwambia chama kimemrefusha.

Linganisha na hili: "Mara ya mwisho zamu yako ilipofika, ilikuwa mwezi gani? Ulipokea ngapi? Shilingi ya kwanza iliyotoka ilienda wapi?" Swali la pili halimwombi maoni, linamwomba akumbuke tukio. Ana kitu cha kushika. Utakuta anaanza kuhesabu kwa vidole, anamwita jirani amsaidie kukumbuka kama ilikuwa kabla ya shule kufunguliwa, na katikati ya kukumbuka huko anataja Fuliza (mkopo wa M-Pesa), anataja shailoki (mkopeshaji wa riba kubwa), anataja mume ambaye hajui kwamba zamu ilifika. Swali moja la namna hiyo, likiulizwa bila mwenyekiti kuwa karibu, lina thamani kuliko ukurasa mzima wa Likert.

Kwa kifupi kuhusu alfa ya Cronbach, kwa kuwa bila shaka umenakili pia ile sentensi inayosema ilizidi 0.7 na kwa hiyo hojaji inaaminika: alfa hupima kama maswali yanakwenda pamoja. Uliza jambo moja mara kumi kwa maneno tofauti kidogo, alfa itapanda hadi ufurahi. Haijui kama mwenyekiti alikuwa anasikiliza.

Tuje kwa rafiki yako anayesema uhamie mahojiano kwa sababu hayana hesabu. Ni kweli hayana hesabu nyingi, lakini anayeyakimbilia kwa sababu hiyo hupata mshangao mchungu mwezi wa nne wa kazi, akiwa na saa ishirini za sauti kwenye simu na hajui aanzie wapi. Kuandika upya saa moja ya mazungumzo hula saa kadhaa. Na Kawangware mazungumzo yatachanganya Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiluhya ndani ya sentensi moja, kwa hiyo utahitaji pia kuamua nini kinatafsiriwa na nani anatafsiri.

Kazi yenyewe inakuja baadaye. Tuseme mama mmoja anakuambia: "Pesa ya mzunguko ililipa karo ya huyu mkubwa. Ya kununua mboga nikakopa kwa shailoki. Lakini chama siwezi kukosa kulipa, hao ndio watanizika." Mwanafunzi mvivu ananukuu maneno hayo matamu kwenye sura ya nne, anaandika "hii inaonyesha umuhimu wa vyama," anasonga mbele. Mtafiti anayachambua. Sentensi ya kwanza: akiba ya biashara imekwenda kwenye elimu. Ya pili: biashara inaokolewa na mkopo ghali kutoka nje ya chama. Ya tatu: deni la chama haliachwi hata kama lile lingine lina riba, na sababu anayoitoa ni mazishi, haihusu pesa kabisa. Unaipa kila sehemu jina fupi, kisha unarudi kwa akina mama wengine wote kuuliza: nani mwingine alikopa nje ili asiaibike ndani? Nani hakufanya hivyo, na yeye ana tofauti gani? Yule ambaye hakufanya hivyo ndiye wa kumtafuta hasa, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuivunja hoja yako. Tasnifu ambayo haina mtu hata mmoja anayeipinga hoja yake huwa naisoma kwa mashaka.

Wahojiwe wangapi? Jopo litakuuliza, na usijibu "hadi data ijirudie" kana kwamba ni dua. Guest na wenzake walichapisha mwaka 2006 uchambuzi wa mahojiano 60 na wanawake wa Ghana na Nigeria, wakakuta kwamba mambo mengi muhimu yalikuwa yameshajitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza. Wengi wanainukuu 12 hiyo kama wanavyoinukuu 384, bila kutazama sharti lake: wanawake wale walikuwa wa kundi linalofanana na waliulizwa maswali yale yale kwa mpangilio. Akina mama wako wakiwa wa aina tatu, yaani walio chamani, waliotoka na ambao hawakuwahi kuingia, basi fikiria kila aina peke yake. Mimi ningeanza na 10 kwa kila kundi na kuacha mlango wazi wa kuongeza.

Hivyo basi, swali gani? Unayo matatu mkononi na umeyafunga pamoja kwa neno moja. La kwanza ni wangapi wako vyamani na wanachanga kiasi gani. Hilo lina jibu tayari, na ni bure. Benki Kuu ya Kenya, Shirika la Takwimu la Taifa na shirika la FSD Kenya wamekuwa wakifanya uchunguzi wa FinAccess, kuhusu matumizi ya huduma za fedha, tangu 2006. Ule wa 2021 uliwahoji zaidi ya watu 20,000, na wa 2024 ukafuata, na ndani yake kuna maswali kuhusu matumizi ya vikundi vya akiba. Data ghafi hutolewa kwa watafiti. Haishuki hadi Kawangware, lakini kwa Nairobi nzima itakupa picha ambayo hojaji zako 384 za stejini haziwezi kuikaribia. La pili ni kama chama huongeza kipato, nalo tumeshaliona: ni zito kwa uzamili. La tatu ni pesa ya chama inapotoka inapita wapi, nani anaamua, na nini kinampata mama anaposhindwa kuchanga. Hili linahitaji mahojiano marefu, kukaa kwenye mikutano ukitazama, na kutafuta waliotoka kwa kuelekezwa na mmoja hadi mwingine.

Mimi ningechukua la tatu, na kuweka sura fupi ya FinAccess mbele yake kama msingi. Lina hasara zake. Hutaweza kusema "wauza mboga wengi wa Nairobi hufanya hivi". Utaweza kusema namna jambo linavyotendeka na kwa nini, kwa akina mama hawa. Baadhi ya watahini hawapendi kazi isiyo na majedwali, na itabidi uitetee kwa utulivu. Kama idara yako inalazimisha takwimu, basi geuza: fanya kazi nzima kwa data ya FinAccess, ambayo ni halali kabisa kwa uzamili ingawa wanafunzi hudhani lazima wakusanye data yao wenyewe, na uongeze mahojiano machache kuelewa matokeo yaliyokushangaza. Kitu nisichokushauri ni kuchanganya mbinu mbili kubwa kwa sababu tu inaonekana ya kisasa. Kuchanganya ni kazi mara mbili, na kwa mtu aliye kazini mchana, mara nyingi zote mbili hutoka mbichi.

Kuhusu jamaa wa mjini, nitakuwa wazi. Kumlipa mtu akuandikie mazungumzo kutoka kwenye sauti ni sawa, ilimradi ametia sahihi kwamba atatunza siri na umemtaja kwenye tasnifu. Kumlipa mtaalamu wa takwimu akae nawe saa mbili akueleze jedwali lako ni sawa pia. Kumpa data akarudisha sura ya nne ni udanganyifu wa kitaaluma, na wengine huenda mbali zaidi: data ikipungua, wanaijaza wenyewe. Halafu siku ya kutetea mtahini anauliza kwa upole, "Kwa nini ulitumia jaribio la kai-skweya hapa?" Nguo ya kuazima haisitiri matako. Tena kumbuka akina mama wako. Umewaambia majibu yao utayaona wewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka taarifa za mali na za familia katika kundi la data nyeti, na wewe utakuwa umezipeleka kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua.

Uliuliza mtu hujifunzaje. Kwa kurudi nyuma, nadhani, kuliko kwenda mbele. Tafuta makala tatu zilizochapishwa kuhusu vikundi vya akiba, uanzie kwenye hitimisho. Chukua dai moja, kisha rudi kutafuta: wamelijua kwa data ipi, iliyotoka kwa nani, aliyechaguliwaje? Wapi wamesema zaidi ya wanachokijua? Fanya hivyo kwa kalamu, jioni kadhaa, na utajikuta unasoma sura yako ya tatu kwa macho ya msimamizi.

Pili, gusa data. Pakua jamovi au R, zote ni bure, na ufungue FinAccess. Jaribu kutoa tena jedwali moja lililo kwenye ripoti yao rasmi. Litakataa mara ya kwanza kwa sababu umesahau uzito wa sampuli (yaani kila mhojiwa anawakilisha watu wangapi), na kugundua hilo mwenyewe kutakufundisha zaidi ya muhadhara. Hesabu unayohitaji ni asilimia, wastani, jedwali la pande mbili, na kuelewa thamani ya p inasema nini. Hii ya mwisho hupotoshwa hata na walimu: p ya 0.03 haisemi kuna uwezekano wa asilimia 3 kwamba umekosea. Inasema kwamba kama kusingekuwa na tofauti yoyote, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingejitokeza mara 3 katika 100. Haisemi kitu kuhusu ukubwa wala umuhimu wake.

Tatu, hoji watu wawili ambao hawatakuwa kwenye utafiti, labda mama anayekuuzia mboga mtaani kwako, kwa ruhusa yake. Andika mazungumzo yote kwa mkono wako mwenyewe. Utajisikia ukimkatiza, ukimpa jibu mdomoni, ukihama alipokuwa anakaribia kusema jambo. Inauma kidogo kusikia, lakini hakuna njia nyingine ya kurekebisha masikio. Mji huu pia una mafunzo ya ana kwa ana: shirika la PASGR hufundisha mbinu za utafiti wa sayansi ya jamii, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha APHRC kina mafunzo na hazina ya data za mitaa ya Korogocho na Viwandani zilizokusanywa kuanzia 2002, na taasisi za watafiti kama BIEA ya Waingereza na IFRA ya Wafaransa huandaa semina ambazo mwanafunzi anaweza kuhudhuria. Fuatilia matangazo yao.

Vibali visikucheleweshe: idhini ya kamati ya maadili kwanza, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha ujitambulishe kwa chifu na wazee wa mtaa. Omba mapema kwa sababu kila hatua inasubiri iliyotangulia.

Kuna mahali ambapo maandishi kama haya hayatoshi. Ukiamua kutumia takwimu, mwone mtaalamu wa takwimu chuoni kabla hujachapisha hojaji hata moja. Fisher alisema mwaka 1938 kwamba kumwita mwanatakwimu baada ya jaribio kwisha mara nyingi ni kumwomba achunguze maiti. Ukiona mahojiano yanafungua mambo ya kupigwa nyumbani, simamisha maswali yako. Uwe na namba ya 1195, ambayo ni ya bure kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na mweleze msimamizi siku hiyo hiyo. Na kama msimamizi mwenyewe hajibu barua kwa miezi, usikae ukinung'unika na wenzako kwenye WhatsApp: nenda kwa mratibu wa masomo ya uzamili wa idara na barua zako zenye tarehe.

Lakini wako anajibu, ingawa kwa ubahili. Mwombe dakika ishirini uso kwa uso, na upeleke ukurasa mmoja tu, usipeleke pendekezo zima. Juu yake andika swali lako kwa sentensi moja. Chini yake: utazungumza na akina nani na utawapataje, utawauliza nini, ni jibu gani likijitokeza litakuonyesha kwamba ulichodhani si kweli, na ni mambo gani hutadai mwishoni. Mpe asome mbele yako, kisha umuulize ni mstari upi bado hauoani. Na kwenye kichwa cha pendekezo, neno "athari" liwe limeshatoka kabla hujabisha hodi.